Maarifa ya Mlimani na Alama za Chuoni: Wanafunzi wa Uluguru katika Elimu ya Juu

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984, kiko chini kabisa ya milima ya Uluguru. Hata hivyo, kwa mtoto wa mkulima wa Kinole, Matombo au Mgeta, safari ya kukifikia ni ndefu. Kikwazo kinachotajwa kwanza ni fedha, na Serikali imekipunguza: Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ada ikaondolewa hadi kidato cha nne mwaka 2016, kisha kidato cha tano na sita mwaka 2022. Lakini fedha humwingiza tu mwanafunzi chuoni. Kufaulu kwake kunategemea pia kama chuo kinayatambua maarifa aliyokuja nayo, na hapo tumezembea.

Chukua hifadhi ya udongo. Mkulima wa Uluguru hufyeka magugu na mabua, akayalaza kwa mstari unaokingama mteremko, kisha akayafukia kwa udongo anaouvuta kwa jembe. Yakioza, hurutubisha tuta, nazo ngazi za matuta hupunguza kasi ya maji ya mvua. Wakoloni hawakuuona huo kuwa utaalamu. Waliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta mapana, yaliyofukua udongo wa chini usio na rutuba. Wananchi walikataa. Ghasia za Matombo za Julai 1955 ziligharimu uhai wa mtu, na mpango ule ukaachwa. Shahada zilikuwa upande mmoja, hoja upande mwingine.

Mjukuu wa wakulima hao akiulizwa leo kwenye mtihani, kwa Kiingereza, namna ya kuzuia mmomonyoko, huenda akaandika nusu ukurasa uliojaa makosa. Alisoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba, akabadilishiwa lugha kidato cha kwanza. Alama zitasema hajui jambo ambalo mikono yake imelifanya tangu utotoni.

Napendekeza sehemu ya mafunzo kwa vitendo ifanyike kijijini kwa mwanafunzi. Atoe taarifa kwa Kiswahili mbele ya mhadhiri na mkulima mzoefu, na wote wawili wamtunuku alama. Mwaka wa kwanza, semina za Kiswahili ziambatane na somo la uandishi wa Kiingereza. Wapo watakaosema utafiti wa dunia unadai Kiingereza. Ni kweli, ila istilahi ngeni hushika haraka kwa anayekielewa tayari kitu chenyewe.

Wengine watahofia upendeleo wa kikabila, na hofu hiyo nchini mwetu ni ya kuheshimiwa. Utaratibu huu haumbagui yeyote: Mparakuyo wa Kilosa atatahiniwa kwenye ng'ombe wa kwao, Mhaya kwenye migomba. Kinachohitajika ni nauli ya mhadhiri hadi kijiji kama Nyandira, posho ya mkulima, na seneti iliyo tayari kuiheshimu sahihi ya mkulima huyo kwenye karatasi ya alama.