Matembezi ya Jozani: Namna Msitu wa Wakulima Ulivyopata Wageni

Katika kisiwa cha Unguja desturi ya kutoka mjini kwenda kupumzika ni kongwe kuliko utalii wa leo, lakini kwa muda mrefu njia zake hazikuelekea kwenye msitu wa Jozani, ulio umbali wa kilomita 35 hivi kusini-mashariki mwa Mji Mkongwe. Mandari, yaani matembezi ya jamaa au marafiki wanaochukua chakula chao na kwenda kushinda nje ya mji, yalifuata ardhi yenye rutuba ya mikarafuu na minazi, upande wa magharibi na kaskazini. Huko Kidichi Seyyid Said alijenga hamamu mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, na binti yake Salme, aliyekuja kujulikana kwa jina la Emily Ruete, alisimulia kwa mapenzi makubwa safari za jamaa wa kifalme kwenda mashambani, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886. Reli ya Bububu, iliyoanza kazi mwaka 1905, iliwapeleka watu wa mjini upande huohuo. Chwaka, kijiji cha wavuvi kilicho kwenye ghuba inayopakana na Jozani kwa kaskazini, nacho kilikuwa na nyumba za mapumziko za wakubwa wa serikali na matajiri wa mjini. Lakini wageni hao walifuata upepo wa bahari, na msitu ulio nyuma ya ghuba haukuwa sehemu ya starehe yao.

Sababu ya kwanza ni maumbile ya nchi yenyewe. Sehemu kubwa ya mashariki na kusini ya Unguja ni maweni, yaani ardhi ya jiwe la matumbawe lenye udongo haba, ambako mkulima hupanda muhogo au mtama katika vishimo vya udongo baina ya mawe na kulihama shamba lake baada ya misimu michache. Jozani ni tofauti, kwa kuwa imekaa katika bonde la chini baina ya ghuba ya Chwaka na mkono wa bahari unaoingia Pete, bonde lenye udongo mzito na maji yaliyo karibu sana na uso wa ardhi. Msitu wa namna hiyo huishi kwa maji ya chini kuliko kwa mvua peke yake, na ndiyo maana mitondoo, michikichi na miwale hustawi humo hata wakati wa kiangazi, ilhali vichaka vya maweni vinavyouzunguka vimekauka. Mvua za masika zinaponyesha kwa wingi, maji hupanda na kutuama chini ya miti, hata msitu ukafanana na ziwa lenye kivuli. Kwa mtu wa mjini aliyezoea kivuli cha miembe na barabara ya mchanga, hapo hapakuwa mahali pa kutandika mkeka.

Kwa watu wa vijiji vya jirani, ambao wengi wao ni wa asili ya Wahadimu, wenyeji wa kusini na mashariki ya kisiwa, msitu na vichaka vilivyouzunguka vilikuwa mahali pa kazi. Huko walikata kuni na miti ya kujengea, walichoma mkaa, walitafuta dawa na kuwinda paa, na kuni hizohizo ndizo zilizolisha matanuu ya chokaa na meko ya mjini. Mtu aliingia msituni kwa haja na akatoka alipoimaliza. Hofu nayo ilikuwa na nafasi yake, kwani vijiji vya Unguja viliamini kwamba baadhi ya chui walifugwa kwa siri na watu wenye nia mbaya na kutumwa kuwadhuru wengine. Imani hiyo ilikuwa nzito kiasi kwamba baada ya Mapinduzi ya 1964 ilizaa msako wa kuwatafuta wachawi na kuwaua chui, na leo mnyama huyo anahesabiwa kuwa ametoweka Unguja au amekaribia kutoweka. Historia ya matembezi ya Jozani haieleweki bila kukumbuka kwamba kizazi kilichowapokea watalii wa kwanza kililelewa na watu waliouogopa msitu huo kwa sababu walizoziona kuwa za kweli kabisa.

Serikali ya kikoloni ilipoutazama msitu iliona mbao. Miti ya Jozani ilipasuliwa kwa biashara katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, kabla msitu haujawekwa chini ya idara ya misitu, na hata ulipokuwa hifadhi ya serikali lengo lilikuwa miti, si wanyama wala wageni. Kima wake wekundu walikuwa wanajulikana na wanasayansi tangu zamani: John Edward Gray wa jumba la makumbusho la Uingereza aliwatangaza mwaka 1868 na kuwapa jina la John Kirk, tabibu na mwanabotania wa Kiskoti aliyekuwa Zanzibar katika utumishi wa serikali ya Uingereza. Ni wanyama wasiopatikana kwa asili mahali pengine popote duniani ila Unguja na visiwa vichache vilivyo kando yake. Hata hivyo wakulima waliwaita kima punju, yaani kima wenye sumu, kwa kuamini kwamba mti wanaoula hudhoofika na mbwa anayekula nyama yao hunyonyoka manyoya.

Mambo yalianza kubadilika katika miaka ya 1980, wakati bei ya karafuu ilipokuwa imeanguka na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ikatafuta chanzo kingine cha fedha za kigeni, ikapitisha sheria ya kulinda vitega uchumi mwaka 1986 na kuufungulia utalii milango. Wageni waliokwenda fukwe za Paje, Jambiani na Makunduchi walipita Jozani njiani, na waliposimama waliwaona kima kwa urahisi wa ajabu. Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni mahali hasa walipowaona. Makundi yaliyozoea watu zaidi hayakuwa ndani kabisa ya msitu bali katika mashamba yaliyopakana nao kwa kusini, kwenye mikungu, miembe na minazi iliyopandwa na wakulima. Majani ya mikungu na miembe yana kemikali zinazosumbua tumbo, na kima hao hula mkaa kutoka katika matanuri na visiki vilivyoungua, tabia ambayo Thomas Struhsaker na wenzake waliieleza mwaka 1997 kuwa inawasaidia kuvumilia chakula hicho. Kwa maneno mengine, mnyama aliyewavuta wageni kutoka Ulaya aliishi kwa mazao ya wakulima, na hata dawa ya tumbo lake ilikuwa zao la kazi yao.

Mkulima aliyeona nazi changa zikidondoshwa chini kila siku, huku kiingilio cha mgeni kikilipwa mahali pengine, alikuwa na haki ya kulalamika, na malalamiko hayo ndiyo yaliyoamua sura ya matembezi ya Jozani kuliko uzuri wowote wa msitu. Kirstin Siex na Struhsaker walichunguza dai hilo, na katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999 walikuta kwamba kula nazi changa hakukupunguza mavuno. Huenda hata kuliyaongeza kidogo, kwa kuwa mnazi uliopunguziwa matunda machanga huyakomaza vizuri yale yaliyobaki. Matokeo hayo ni ya thamani, lakini hayakuweza peke yake kumaliza ugomvi, kwa sababu mkulima haishi kwa nazi tu. Kilichohitajika kilikuwa mapatano, na mapatano yalikuja.

Mwaka 1995 Tume ya Maliasili ya Zanzibar na shirika la CARE walianzisha mradi wa hifadhi ya Jozani na ghuba ya Chwaka, na mwaka uliofuata Baraza la Wawakilishi lilipitisha Sheria Namba 10 ya 1996 kuhusu misitu, iliyofungua njia ya mikataba ambayo kwayo kijiji hupewa mamlaka ya kusimamia sehemu ya msitu wake kwa masharti yaliyokubaliwa. Kamati za vijiji ziliunda jumuiya yao mwaka 1999, sehemu ya fedha za viingilio ikaelekezwa kwenye huduma za vijiji na kwa wakulima ambao mashamba yao yalilishwa na kima, na huko Pete ukajengwa ujia wa mbao unaopita juu ya mikoko, ili mgeni aone maji yakiingia na kutoka bila kukanyaga tope. Mwaka 2004 eneo la kilomita za mraba 50 hivi, msitu na sehemu ya ghuba kwa pamoja, lilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, ya kwanza katika Zanzibar, na mwaka 2016 UNESCO ikaliingiza katika mtandao wake wa hifadhi za baiyosfia, yaani maeneo ambamo uhifadhi na maisha ya wakaazi hutarajiwa kwenda pamoja.

Barabara iliyowaleta wageni ilikuwa na madhara yake, kwani ilipotiwa lami katikati ya miaka ya 1990 magari yaliongeza mwendo na kima wengi wakagongwa, mpaka matuta yalipowekwa na vifo hivyo vikapungua sana. Mwaka 2017 Tim Davenport na wenzake walichapisha hesabu ya kisiwa kizima iliyokuta kima zaidi ya 5,800, idadi iliyozidi mara tatu makadirio ya awali. Wengi wamo hifadhini, lakini wapo pia wanaoishi katika vichaka na mashamba ya vijiji visivyo na lango la wageni, ambako mkulima hana mgao wa kiingilio chochote na nazi changa zinaendelea kudondoka.