Mwanafunzi mwenye mzio wa maziwa katika nchi ya mursik

KATIKA eneo la Siongiroi, Chepalungu, kaunti ya Bomet, maziwa ni zaidi ya kinywaji. Huhifadhiwa ndani ya sotet, kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa ya mti wa senetwet, hadi yawe mursik ambayo mgeni na mwanariadha mshindi hupokelewa kwayo. Ndiyo maana mtoto anayekataa chai ya maziwa shuleni hudhaniwa kuwa anadeka.

Huenda ana mzio. Hali hii hutokea kinga ya mwili inapoichukulia protini ya chakula kuwa adui na kuishambulia. Kwa kawaida dalili huanza baada ya dakika chache hadi saa mbili: vipele vinavyowasha, midomo kuvimba, kutapika, kukohoa na kupumua kwa shida. Vyakula vingine vinavyoleta mzio mara kwa mara ni mayai, njugu karanga, korosho, samaki, soya, ngano na simsim.

Mzio haufai kuchanganywa na tatizo la tumbo kushindwa kusaga laktosi, yaani sukari ya maziwa. Utafiti ulioongozwa na Sarah Tishkoff na kuchapishwa 2007 ulionyesha kuwa wengi katika jamii za wafugaji wa Afrika Mashariki wana mabadiliko ya jeni yanayowawezesha kusaga sukari hiyo hata ukubwani. Asiyekuwa nayo hujaa gesi na kuhara, lakini mara nyingi huweza kunywa mursik, kwa kuwa uchachu umepunguza laktosi. Mwenye mzio hana nafuu hiyo kwani protini ingalimo. Kumshawishi aonje kidogo ni kumhatarisha.

Kazi kubwa iko jikoni. Githeri ya mahindi na maharagwe haina maziwa, ila mwiko uliotoka katika sufuria ya chai unaweza kuitia. Uji nao huchanganywa unga wa soya au njugu bila yeyote kutangaziwa. Mzazi anapaswa kumkabidhi mwalimu mkuu barua ya daktari, na nakala zimfikie mpishi, matroni na mwalimu wa zamu. Barua iliyofungiwa ofisini haimsaidii mtu saa mbili usiku. Kumketisha mtoto peke yake bwaloni hakuhitajiki, na humwaibisha bure.

Akianza kuhema au kuzirai, dawa ya kwanza ni adrenalini, inayodungwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje; vidonge vya kuzuia mwasho havitoshi. Alazwe chali miguu ikiinuliwa, au aketishwe iwapo anahema, na asitembezwe. Bodaboda haifai kumbeba, hivyo shule ipange gari mapema la kumfikisha kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali za Longisa na Tenwek. Hata akipata nafuu abaki chini ya uangalizi, kwa sababu dalili zinaweza kurudi saa kadhaa baadaye.