Haloo: ukelele wa wawindaji ulioingia kwenye simu

Kuna kisa kisichochoka kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Kinasema Alexander Graham Bell, mvumbuzi wa simu, alikuwa na mchumba aitwaye Margaret Hello, na siku chombo chake kilipofanya kazi kwa mara ya kwanza, neno lililomtoka mdomoni lilikuwa jina la huyo mpenzi. Chini yake huwekwa nasaha ya mapenzi na vikopa viwili vitatu.

Kisa ni kitamu, na ni uongo mtupu. Bell alimwoa Mabel Hubbard mwezi Julai 1877, binti aliyepoteza uwezo wa kusikia akiwa mtoto mdogo kwa sababu ya homa, akawa anaelewa maneno ya watu kwa kutazama midomo yao. Huyo si mtu wa kupigiwa simu. Maneno ya kwanza yaliyosikika kupitia waya, tarehe 10 Machi 1876 mjini Boston, yalikuwa ya kumwita msaidizi wake, Thomas Watson, aje kutoka chumba cha pili. Margaret hakuwepo, na haloo haikuwepo.

Tena Bell mwenyewe hakulipenda neno hilo. Yeye alitaka anayepokea simu aseme "ahoy", mwito wa mabaharia wa Kiingereza wanapopishana baharini, chombo kimoja kikikiita kingine. Aliushikilia mwito huo maisha yake yote, hata baada ya Marekani nzima kuzoea neno jingine.

Neno hilo jingine lilipenyezwa na mshindani wake, Thomas Edison, na namna lilivyoingia yatufaa tuieleze taratibu, kwa sababu ndiyo inayotufungulia maana yake.

Simu za mwanzo hazikuwa na namba wala mlio. Zilikuwa vyombo viwili vilivyounganishwa kwa waya mmoja, tuseme ofisi ya tajiri na ghala lake, na waya huo ulikaa wazi muda wote. Sasa mtu wa ofisini akitaka kuzungumza na wa ghalani, atamjulishaje? Huyo wa ghalani huenda yuko upande wa pili wa chumba anahesabu magunia. Watson alihangaika na swali hilo, akatengeneza kinyundo cha kugonga chombo, kisha baadaye kengele ya kuzungushwa kwa mkono.

Edison aliona kengele ni gharama ya bure. Tarehe 15 Agosti 1877 alimwandikia barua T.B.A. David, bwana wa kampuni ya telegrafu aliyekuwa akijiandaa kuleta simu mjini Pittsburgh. Alimwambia kwamba haoni haja ya kengele, kwani mtu akipaza sauti na kusema "Hello!" atasikika umbali wa futi 10 hadi 20, yaani mita 3 hadi 6 kutoka kwenye chombo. Ajabu ni kwamba Edison alikuwa na masikio mazito tangu ujanani. Labda ndiyo sababu alichagua neno la kupigiwa kelele.

Barua hiyo ilifukuliwa katika nyaraka za kampuni ya AT&T mwishoni mwa miaka ya 1980 na Allen Koenigsberg, mhadhiri wa Brooklyn College aliyekuwa na wazimu wa kufuatilia historia ya santuri na gramafoni. Kabla yake, kila mtu alikuwa na hadithi yake kuhusu nani alilipeleka neno hilo kwenye simu.

Edison hakulibuni. Waingereza walikuwa na "hallo", "hollo" na "holla" kwa karne kadhaa, na kelele hizo zilikuwa za porini: mwindaji akiwachochea mbwa wake wamfukuze mnyama, au mtu akimwita mwenzake aliye ng'ambo ya pili ya bonde. Tahajia ya "hello" ilianza kuonekana magazetini Marekani katika miaka ya 1820. Hata hapo, ilikuwa ya kumshtua mtu, au ya kuonyesha kwamba wewe mwenyewe umeshtuka. Mtu wa heshima alipokutana na jirani njiani alimtakia asubuhi njema au alimuuliza hali. Kumpigia "hello" kungekuwa sawa na kumpigia mluzi.

Kwetu sisi neno linalokaribiana nalo kikazi ni hodi. Mgeni anayebisha hodi bado hajasalimu. Anauliza kama ndani kuna mtu na kama ameruhusiwa kuingia. Salamu huja baadaye, mlango ukishafunguliwa na karibu imeshasemwa. "Hello" ya Edison ilikuwa hodi ya kwenye waya.

Mwaka uliofuata, hodi hiyo ilipata watu wa kuiitikia. Januari 1878 mji wa New Haven, katika jimbo la Connecticut, ulifungua kituo cha kwanza cha kibiashara cha kuunganisha simu, kikiwa na wateja 21. Sasa mteja alimwambia mtu wa kituoni anataka kuongea na nani, naye akachomeka waya kwenye tundu linalohusika. Kitabu cha simu cha mji huo, cha mwaka huo huo, kiliwaelekeza wateja waanze mazungumzo kwa "hulloa". Maelekezo yalikuwa muhimu, kwa sababu hakuna aliyejua adabu ya kuongea na mtu asiyemwona ikoje.

Wa kwanza kuwekwa kwenye vituo hivyo walikuwa vijana wa kiume waliotoka kwenye telegrafu. Telegrafu haina masikio, kwa hiyo walizoea kutukana na kufanya utani wakiwa kazini, na tabia hiyo wakahamia nayo kwenye simu. Wateja walilalamika. Septemba 1878 kampuni ya Boston ikamwajiri Emma Nutt, mwanamke wa kwanza kufanya kazi hiyo, na haukupita muda mrefu vituo vikajaa wasichana. Watu wakawaita "wasichana wa hello". Mwaka 1880 wenye kampuni za simu walikutana Niagara Falls kwa mkutano wao wa kwanza, na vitambulisho walivyovaa vifuani viliandikwa "Hello". Vita ilikuwa imekwisha, Bell kashindwa.

Mark Twain aliligeuza jambo hilo kuwa kichekesho. Katika riwaya yake ya mwaka 1889, inayomhusu Mmarekani wa Connecticut aliyejikuta katika Uingereza ya zama za mfalme Arthur, mhusika mkuu anapata mtoto wa kike, na mkewe anampa mtoto jina la Hello-Central. Mke alikuwa amemsikia mumewe akilitamka usingizini, akadhani ni la mpenzi wa zamani. Kumbe mume alikuwa akiota anaita kituo cha simu. Ukisoma kisa hicho utaona Margaret Hello wa WhatsApp ana dada yake wa siku nyingi, isipokuwa Twain alijua anatania.

Wasichana hao walifika hadi vitani. Mwaka 1918 jeshi la Marekani lilipeleka Ufaransa zaidi ya wanawake 200 wanaojua Kiingereza na Kifaransa, wakaunganisha simu za makamanda, baadhi yao wakiwa karibu kabisa na mstari wa mbele. Walivaa sare, waliapa viapo, na waliporudi nyumbani waliambiwa walikuwa raia tu. Serikali ilikubali kuwahesabu kuwa askari wastaafu mwaka 1977, wengi wao wakiwa wameshafariki. Sijui kama kuna neno la kistaarabu la kuielezea hiyo.

Ughaibuni neno lilipokelewa kila nchi kwa namna yake. Wafaransa walisema "allô", Wajerumani "hallo", Waarabu "aloo". Waitaliano walikataa, wakasema "pronto", yaani niko tayari. Wamexico husema "bueno", na Wajapani wana "moshi moshi". Wahungari wao wanadai neno ni lao, limetokana na kitenzi chao cha kusikia, eti lilitamkwa na Tivadar Puskás, mtu wao aliyefanya kazi na Edison. Puskás ni mtu wa kweli na alifanya makubwa Budapest, lakini neno lilikuwa kwenye magazeti ya Marekani kabla hajazaliwa.

Pwani yetu iliunganishwa na dunia kwa waya wa telegrafu wa chini ya bahari, uliofika Zanzibar kutoka Aden mwaka 1879. Simu za sauti zilikuja baadaye pamoja na ofisi za wakoloni na reli, zikiwa na haloo yake ndani. Lubumbashi na Bukavu, ambako Kiswahili kiliishi na Kifaransa, utasikia "alo". Dar es Salaam na Mombasa ni haloo, ikivutwa mwishoni.

Na hapa pana jambo ninaloona Waingereza wamelipoteza na sisi tumelihifadhi. Kwao "hello" imekuwa salamu ya kila mahali: dukani, barabarani, mwanzoni mwa barua. Kwetu imebaki pale pale Edison alipoiweka. Mzee hapokelewi mlangoni kwa haloo, na wanawake wawili hawakutani sokoni wakasemezana haloo, ila wakiwa kwenye utani. Lakini simu ikiita, hata bibi ambaye hajui neno jingine la Kiingereza atasema haloo, atanyamaza asikie kama upande wa pili kuna mtu, ndipo aanze: hamjambo huko, watoto wazima, mmeamkaje, mvua zimenyesha? Mtandao ukiyumba salamu zinakatishwa na haloo inarudi, mara tatu nne, kwa sauti ya juu, na mtu anatoka nje kutafuta mahali pa mwinuko. Hapo yuko mita chache tu kutoka kwa wale wawindaji na mbwa wao.

Kwa hiyo kijana anayemwandikia mjomba wake ujumbe wa "Hello" peke yake, kisha akakaa kusubiri jibu, ajue amebisha hodi na bado hajasalimu. Mjomba anasubiri shikamoo yake.