Jibini la Masisi: Udongo, Hali ya Hewa na Historia

Inasemwa nchini Ufaransa kwamba ladha ya mvinyo wa Bourgogne hutokana na udongo, hali ya hewa na desturi za watu. Fikra hiyo haihusu mvinyo peke yake: mwaka 1925 sheria ya Ufaransa ililinda jina la jibini la Roquefort. Katika Kivu ya Kaskazini mfano ulio karibu zaidi ni jibini la Masisi, ambalo wakazi wa Goma huliita fromaji. Matumizi ya neno hilo la Kifaransa, badala ya jibini lenye asili ya Kiarabu, yanadokeza kwamba chakula hicho hakikutoka pwani, bali kilipitia ukoloni na misheni.

Mashariki ya Masisi udongo umerutubishwa na volkano za Virunga, mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na malisho mengi yako kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000. Kwa sababu ya baridi, maziwa hayachachi upesi, na jibini hukomaa juu ya mbao pasipo jokofu. Anayeteremka magharibi hadi Walikale hukuta msitu mnene na joto. Huko ng'ombe ni nadra, na watu huishi kwa kilimo, uwindaji na uvuvi.

Hata hivyo, maumbile pekee hayakuzaa jibini. Vilima hivyo vililimwa na Wahunde kabla ya Kamati ya Taifa ya Kivu, iliyoundwa mwaka 1928, kuwagawia walowezi ardhi. Kati ya mwaka 1937 na 1955 serikali ya Kibelgiji ilihamishia Masisi, hasa Gishari, familia nyingi kutoka Rwanda ili zipatikane nguvu za kazi. Mwaka 1973 mashamba ya wageni yalitwaliwa na kupewa Wazaire wenye vyeo, na mengi yakageuzwa kuwa malisho. Katika miaka hiyo ya 1970 mapadre wa Kibelgiji walifundisha utengenezaji wa jibini. Basi malisho mapana yaliyolisha ng'ombe ndiyo yaliyompunguzia mkulima mahali pa kulima.

Ugomvi huo wa ardhi na uraia ulilipuka mwezi Machi 1993 katika soko la Ntoto, Walikale, ukaenea Masisi. Baada ya wakimbizi wa Rwanda kuingia mwaka 1994, wakiwamo wenye silaha, mifugo iliporwa na kuchinjwa hata makundi mengi yakatoweka. Wafugaji walianza upya, na jibini likarudi sokoni Goma. Lakini vita havikukoma, na Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Masisi.

Kwa hiyo, jina la Masisi juu ya jibini si alama ya ladha tu. Udongo na baridi viliwezesha. Historia ndiyo iliyoamua nani afuge, nani alime, na nani ahame. Atakayetaka kulilinda jina hilo, kama Wafaransa walivyofanya, hana budi kuanza na suala la ardhi.