Ulinzi wa mabomba kwa faiba

Ulinzi wa mabomba kwa faiba ni njia ya kufuatilia hali ya bomba la mafuta, gesi au maji kwa uzi mwembamba wa kioo uliofukiwa kando yake. Uzi wenyewe ndio kihisi. Hauhitaji betri wala kifaa chochote njiani, na kila kipande chake hupokea joto, mvutano au mtetemo wa pale kilipo. Mwishoni mwa uzi huwekwa mashine inayorusha mwanga wa leza na kusoma kile kidogo kinachorudi. Faiba hii ni ndugu wa ile inayopeleka intaneti mijini, na mara nyingi kebo moja hubeba nyuzi za mawasiliano pamoja na za ulinzi.

Mradi mkubwa wa Afrika Mashariki uliopangiwa njia hii ni bomba la mafuta ghafi la EACOP, kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga. Nchini Kenya, suala hili linagusa zaidi nyanda kavu za Isiolo, zikiwamo za Garbatulla na Sericho, kwa sababu kaunti hiyo imo kwenye ukanda wa LAPSSET, wa bandari, barabara na bomba la mafuta, uliozinduliwa Lamu mwezi Machi 2012.

Jinsi inavyofanya kazi

Kioo, hata kikiwa safi kiasi gani, hakina msongamano ulio sawa kila mahali. Mwanga ukipita ndani yake, sehemu ndogo mno hutawanyika na kurudi ulikotoka. Kwenye kioo mwanga husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo mwangwi unaorudi baada ya sehemu moja ya milioni ya sekunde umetokea mita 100 kutoka kwenye mashine. Kwa hesabu hiyo tu ya muda, mashine hujua kila habari imetoka mita ya ngapi.

Habari hizo ni za namna tatu. Mtawanyiko wa Raman, uliopewa jina la mwanafizikia wa India aliyeutangaza mwaka 1928, hurudisha mwanga uliobadilika rangi kwa pande mbili. Upande mmoja huongezeka wazi joto likipanda na mwingine hubadilika kidogo tu, hivyo uwiano wao ni kipimajoto. Mtawanyiko wa Brillouin huhamisha mawimbi kwa karibu gigahezi 11, na kiasi hicho husogea joto likibadilika au uzi ukivutwa, jambo linalofichua ardhi inayoteleza chini ya bomba. Mtawanyiko wa Rayleigh haubadilishi rangi, lakini hubeba mitikisiko midogo ya uzi; humo ndimo zinamosomwa sauti za jembe, tingatinga, nyayo na mafuta yanayofoka kwenye tundu.

Umbali una bei yake. Mwanga kwenda kilomita 50 na kurudi huchukua nusu ya sehemu ya elfu ya sekunde, na mpigo mpya haufai kurushwa kabla mwangwi wa uliotangulia haujaisha, kwa hiyo mashine haiwezi kuzidi mipigo 2,000 kwa sekunde. Tena mwanga hufifia: kwa upotevu wa kawaida wa desibeli 0.2 kila kilomita, ukifika kilomita ya 50 imebaki sehemu moja ya kumi, na mwangwi wake hupoteza kadiri hiyo hiyo ukirudi. Ndiyo maana bomba refu huhitaji mashine nyingi, moja kila baada ya makumi ya kilomita, na kila moja hutaka umeme, kibanda na ulinzi.

Kwa nini mita za kawaida hazitoshi

Tangu zamani kampuni za mabomba hulinganisha mafuta yanayoingia na yanayotoka. Njia hii hugundua haraka bomba lililopasuka, lakini tundu linalopoteza chini ya asilimia moja ya mtiririko linaweza kujificha ndani ya makosa ya vipimo. EACOP imesanifiwa kusukuma hadi mapipa 246,000 kwa siku. Asilimia moja yake ni mapipa 2,460, karibu lita 390,000, kila siku, bila chumba cha udhibiti kuwa na hakika kwamba kuna hitilafu. Pengo hilo ndilo faiba inalokusudiwa kuliziba.

Bomba hilo lina urefu wa kilomita 1,443, ambazo 296 ziko Uganda na 1,147 Tanzania. Mafuta yake yana nta nyingi na lazima yabaki juu ya sentigredi 50 yasigande, kwa hiyo bomba limevikwa povu la kuhifadhi joto katika kiwanda cha Sojo, wilayani Nzega, na hupashwa kwa umeme. Kwa mlinzi wa faiba joto hilo ni neema: mafuta ya moto yakitoka, udongo hupata joto lisilo lake. Petroli na dizeli zinazosafiri zikiwa na joto la kawaida hazitoi dalili hiyo, na hapo hutegemewa sauti. Gesi nayo ikivuja hupoa, kwa sababu hutanuka ghafla.

Kenya inajua gharama ya kuchelewa kugundua. Bomba la kwanza la Mombasa hadi Nairobi lilianza kazi mwaka 1978. Tarehe 12 Septemba 2011, petroli iliyovuja iliingia kwenye mtaro wa mtaa wa Sinai, Nairobi, ikawaka na kuua watu zaidi ya mia moja. Mwaka 2015 mafuta yaliingia mto Thange, kaunti ya Makueni, na wa kwanza kuyaona walikuwa wakazi waliokuwa wakitumia maji hayo. Mwaka 2019 bomba jipya lililoanza kazi mwaka mmoja tu nyuma lilivuja huko Kiboko, kaunti hiyo hiyo. Upya wa bomba, basi, si kinga.

Nyanda za Sericho

Sericho ni wadi ya Isiolo Kusini, katika kaunti ndogo ya Garbatulla, nchi ya wafugaji ambao wengi wao ni Waborana. 

Bomba lililopangwa kutoka Lokichar, Turkana, hadi Lamu, la takriban kilomita 820, halijajengwa. Mafuta ya Turkana yaligunduliwa mwaka 2012, na shehena ya kwanza, iliyosafirishwa kwa malori hadi Mombasa, iliuzwa nje mwaka 2019. Yana nta kama ya Uganda, kwa hiyo bomba lake nalo lilisanifiwa la kupashwa joto. Likijengwa litapita Isiolo kuelekea Garissa, na katika eneo hilo kitu cha kuhofiwa zaidi kiko chini ya ardhi. Ni hifadhi ya maji ya Merti, inayofuata mkondo wa Ewaso Ng'iro na kinamasi cha Lorian, ikanywesha Habaswein na kambi za Dadaab. Mto ukichafuka huonekana. Maji ya kisima kirefu huonjwa kwanza.

Faiba itakutana huko na shida zake. Mchanga mkavu na uliolegea huua mtetemo mapema, hivyo kiangazi huipunguzia usikivu. Wakati huo huo mifugo hukusanyika penye maji, na maelfu ya kwato juu ya kebo ni kelele ambayo programu lazima ifundishwe kuitenga na mtu anayechimba. Programu iliyofunzwa kwenye mashamba ya Ulaya haitajua msafara wa ngamia. Wanaojua ni dedha, baraza la wazee wa Borana linaloamua malisho gani yafunguliwe na lini. Ratiba yao ingefaa kuingizwa kwenye mfumo kabla ya king'ora cha kwanza kulia, maana mtu wa zamu anayeamshwa kila usiku na mbuzi mwishowe huzima king'ora. Kwenye laga, yaani mito ya msimu, ni kinyume: mafuriko hula udongo na kuacha bomba likining'inia, na hapo kipimo cha mvutano hutoa onyo mapema kuliko gari la doria, ambalo siku hiyo halivuki.

Kebo ya faiba tayari imo kwenye mpango wa eneo hili kwa shughuli nyingine. Mradi wa barabara ya Isiolo hadi Mandera kupitia Modogashe, uliopata fedha za Benki ya Dunia mwaka 2020, unajumuisha faiba kandokando ya barabara kwa ajili ya mawasiliano. Uzi usiotumika katika kebo ya namna hiyo unaweza kuunganishwa na mashine ya kusikiliza bila kuchimba mtaro mpya, kama watafiti wa matetemeko walivyokwisha kufanya katika nchi kadhaa. Lakini husikia kilicho jirani yake tu, kwa hiyo bomba likipita mbali na barabara litahitaji kebo yake lenyewe.