Kelele Itakiwayo na Kelele Isiyotakiwa: Historia ya Mkoromo wa Gitaa la Umeme

Msemaji wa Kiswahili hachanganyi kuvuma na kukwaruza, wala kukoroma na kupiga mluzi. Kila sauti ina jina lake, na jina hilo mara nyingi hudokeza kitu kiitoacho. Mafundi wa vyombo vya umeme, kwa upande wao, walihitaji miaka mingi kupata ubainifu wa namna hiyo, kwani sauti zote zisizotakiwa walizitia katika kapu moja la kelele. Jambo hili laonekana waziwazi katika historia ya kisanduku kidogo cha kukanyagwa kwa mguu, kiitwacho pedali, ambacho mpiga gitaa hukiweka kati ya gitaa lake na amplifaya ili sauti ikorome. Kisanduku hiki kilibuniwa kwa kusudi la kuiga ubovu. Na kila akiundaye nyumbani kwake hukabiliwa na ubovu wa pili asioutaka. Kazi yake yote ni kujua upi wa kutunzwa na upi wa kuondolewa.

Asili ya shida hiyo imo katika gitaa lenyewe. Mwaka 1931, huko Marekani, George Beauchamp alishiriki kuunda gitaa ambalo nyuzi zake za chuma zilitikisika karibu na sumaku na koili ya waya mwembamba. Uzi utikisikapo huubadilisha uga wa sumaku, na badiliko hilo huzaa umeme kidogo katika koili. Umeme huo hukuzwa na amplifaya, ukawa sauti katika spika. Lakini koili haichagui. Hupokea mtikisiko wa uzi, na papo hapo hupokea uga wa sumaku utokao katika waya za nyumba, taa na transfoma. Umeme wa majumbani huko Marekani huenda mizunguko 60 kwa sekunde, na ule wa Ulaya na Afrika Mashariki mizunguko 50. Ndiyo sababu mpiga gitaa husikia mvumo mzito hata vidole vyake vikiwa vimetulia.

Dawa ya mvumo huo ilipatikana kwa Seth Lover, fundi wa kampuni ya Gibson mjini Kalamazoo, aliyeomba hataza mwaka 1955 na kuipata mwaka 1959. Aliziweka koili mbili bega kwa bega, akageuza mwelekeo wa waya wa koili moja na mwelekeo wa sumaku yake. Uzi, kwa kuwa huzigusa sumaku zote mbili, ulizaa umeme wa kujumlishana. Mvumo wa nje, usio na uhusiano na sumaku hizo, ulizaa umeme wa kupingana, ukafutika karibu wote. Lover hakuunyamazisha mvumo kwa nguvu, bali alitafuta tofauti iliyopo kati yake na sauti ya uzi, akaitumia tofauti hiyo kama ungo.

Si kelele zote zikubalizo kuchekechwa hivyo. Mwaka 1918 Walter Schottky, huko Ujerumani, alionyesha kwamba mkondo wa umeme haupiti kama maji ya mto mtulivu, bali kwa chembechembe zisizo na mpango. Mwaka 1928 John B. Johnson alitangaza vipimo vyake vya kelele itokayo katika rezista yoyote, na Harry Nyquist, mwenzake wa kampuni moja ya simu, akaieleza kwa hesabu. Maadamu kuna joto, chembe za umeme hazitulii. Na ukinzani ukizidi, kelele huzidi. Sauti yake ni kama mvua ya rasharasha juu ya makuti. Haiwezi kuondolewa kabisa, ila hupunguzwa. Mwaka 1944 Harald Friis aliongeza jambo la maana kwa mafundi: katika msururu wa hatua za kukuza, kelele ya hatua ya kwanza ndiyo itawalayo, iwapo hatua hiyo yakuza vya kutosha, kwa kuwa hatua zote zifuatazo huikuza pamoja na sauti.

Wakati wataalamu wakipambana na kelele, wapiga muziki walianza kuipenda aina yake moja. Wimbo wa "Rocket 88", uliorekodiwa mjini Memphis mwaka 1951, wajulikana kwa mlio mzito wa gitaa uliotoka katika amplifaya iliyoharibika njiani. Mwaka 1958 Link Wray aliitoboa spika yake ili apate mkwaruzo katika wimbo wa "Rumble". Kisha mjini Nashville, katika kurekodiwa kwa wimbo wa Marty Robbins uitwao "Don't Worry", uliotolewa mwaka 1961, gitaa la besi la Grady Martin lilipitishwa katika mkondo mmoja wa meza ya kurekodia ambao transfoma yake ilikuwa mbovu. Badala ya mlio safi ulitoka mkoromo kama wa mnyama aliyeamshwa usingizini. Wahusika wangeweza kurudia kazi, hawakurudia. Wimbo ulitolewa na mkoromo wake, ukapendwa mno.

Mtambo mbovu hautegemewi, kwani huweza kufa kabisa siku yoyote. Fundi mitambo Glenn Snoddy, aliyekuwapo siku hiyo, alishirikiana na Revis Hobbs kuunda kisanduku chenye transista tatu za jerimani kiwezacho kuuzaa mkoromo ule wakati wowote. Gibson waliununua ubunifu huo, nao ukatoka mwaka 1962 kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Wanunuzi walikuwa wachache hadi mwaka 1965, Rolling Stones walipokitumia katika "Satisfaction". Tangu hapo kikatafutwa kila mahali.

Kazi ya kisanduku hicho yaweza kuelezwa kwa methali: ngoma ikivuma sana hupasuka. Transista hukuza wimbi la sauti hadi lisipate tena nafasi ya kupanda. Kilele chake hukatwa, na wimbi lililokuwa la mviringo huwa na kingo. Kingo hizo ndizo zisikikazo kama mkoromo. Lakini humo humo mna gharama. Sauti kubwa hukatwa, ndogo hupandishwa, hata tofauti kati ya uzi uliopigwa kwa nguvu na mvumo hafifu wa chumba hukaribia kutoweka. Kisanduku hakijui kwamba huu ni muziki na ule ni umeme wa taa. Hukoromesha vyote sawasawa.

Gharama hiyo ilidhihirika zaidi watu walipoanza kujiundia pedali zao. Saketi zenyewe ni ndogo: Fuzz Face, iliyotoka London mwaka 1966, ilikuwa na transista mbili tu. Mwaka 1975 Craig Anderton alitoa kitabu cha kuwafundisha wanamuziki kujitengenezea vyombo vya umeme, na elimu ikaenea. Mwanzoni wengi hudhani kwamba pedali yao ikipiga kelele basi imeharibika yote, wakabadilisha transista ovyo. Mafundi wazoefu huanza kwa kusikiliza na kuipa kelele jina.

Mvumo mzito watokana na nyaya za umeme wa nyumba. Pedali ikitumia betri na mvumo ukakoma, kosa lilikuwa katika chombo cha kuletea umeme. Ukiendelea, hutazamwa waya wa ardhi, ambao mafundi huuita ethi, na sanduku lenyewe. Tangu Michael Faraday alipojenga chumba chake cha karatasi za chuma mwaka 1836, yajulikana kwamba bati huzuia uga wa umeme wa nje. Sanduku la plastiki, au la chuma lisilounganishwa na ethi, haliwezi kazi hiyo. Mluzi mkali ni dalili ya waya wa kutokea uliopita karibu na waya wa kuingilia, hata sauti ikarudi ilikotoka na kujizungusha. Mkwaruzo waashiria lehemu isiyoshika au kitufe cha kuzungusha chenye vumbi. Kishindo cha swichi ni umeme uliojikusanya katika kapasita, nao hupewa njia ya kutorokea kwa rezista kubwa iendayo kwenye ethi.

Baada ya jina hufuata mahali. Fundi huchukua waya uliounganishwa na amplifaya, akautia kapasita ndogo nchani ili kuzuia mkondo wa betri, kisha akaigusa saketi hatua kwa hatua tangu maingilio hadi matokeo. Pale kelele ianzapo kusikika ndipo penye kosa.

Sauti za redio zikiingia, transista huzipokea kana kwamba ni chombo cha redio, na kapasita ndogo mlangoni huzizuia. Hapa ndipo hatari ilipo. Kapasita hiyo ikiongezwa ukubwa, rasharasha nayo hupungua, na fundi mgeni hufurahi. Asilolitambua ni kwamba ameondoa pia sauti za juu za gitaa na zile kingo za mkoromo alizokuwa akizitafuta. Pedali hunyamaza, na muziki wake hufifia.

Wala habari hizi si za Marekani peke yake. Mjini Kinshasa, Konono Nº1, kikundi cha Mawangu Mingiedi, kilitumia likembe zenye vinasa sauti vilivyoundwa kwa sumaku za vyuma chakavu vya magari, ili zisikike barabarani penye makelele. Vinasa hivyo viliukoromesha mlio. Wapigaji hawakuutupa, wakaufanya sehemu ya muziki wao, na albamu ya mwaka 2004 ikaueneza nje ya Kongo. Kama ilivyokuwa Nashville, mkoromo uliingia bila kualikwa, ukakaribishwa na masikio yaliyoutambua.

Kwa hiyo neno kelele, likiachwa peke yake, halimsaidii fundi. Lover aliuondoa mvumo kwa sababu aliutambua. Snoddy aliuhifadhi mkoromo kwa sababu aliutambua. Kama huyo wa pili angelishika kanuni kwamba kila sauti isiyo safi ni ubovu, transfoma ile ingelibadilishwa na kusahauliwa. Na kama angelishika kanuni kwamba kila ubovu ni sanaa, kisanduku chake kingelivuma na kupiga miluzi hata asipatikane wa kukinunua.