Hewa Safi au Hewa Mpya?

Katika ubao wa mbele wa gari, karibu na redio, pana vitufe viwili vidogo, na pengine ni kimoja chenye kazi mbili, vilivyochorwa umbo la gari na mshale: mshale wa kwanza unaingia kutoka nje, na wa pili umepinda kama mkia wa paka, unazunguka ndani kwa ndani. Waendeshaji wengi hupita miaka wasiviguse, kwa kuwa neno walilopewa la kuuitia mtambo mzima, yaani kiyoyozi, au "eisi" kama wasemavyo mafundi gereji, limewafahamisha kwamba kazi yake ni baridi, na mwenye kutaka baridi hana haja na mishale.

Walakini asili ya jambo hili haikuwa baridi. Mwaka 1902 mhandisi kijana wa Kimarekani, Willis Carrier, alitakiwa kuinusuru kampuni moja ya uchapaji huko Brooklyn, ambayo karatasi zake zilikuwa zikitanuka na kunywea kwa unyevu wa hewa, hata rangi zikawa hazikutani mahali pake. Naye akabuni mtambo wa kuutawala unyevu wa hewa, baridi ikiwa ni nyenzo tu ya kuukamua. Jina lenyewe la Kiingereza, "air conditioning", lilitungwa mwaka 1906 na Stuart Cramer, mtu wa viwanda vya nguo wa North Carolina, ambaye muradi wake ulikuwa kinyume, kuongeza unyevu ili nyuzi zisikatike. Waarabu nao, walipouita mtambo huo mukayyif, hawakuishika baridi, bali walilichukua shina la "kaifa" alijualo kila aliyepita chuoni, wakakusudia kitu kiipacho hewa hali itakiwayo. Katika magari, Packard ndiyo iliyotangulia kuuza kitu hiki kutoka kiwandani, mwaka 1939, nacho kilimeza sehemu ya buti, na aliyetaka kukizima kabisa hakuwa na budi kushuka, kufunua boneti na kuuvua mkanda wa kompresa.

Ama ufanyaji kazi wake, mtu aliyewahi kunywa maji ya mtungi hatauona mgeni: maji yanayopenya udongo na kukauka juu ya mtungi huondoka na joto la yale yaliyobaki ndani. Gesi ya gari nayo huchemka ndani ya mabomba yaliyofichwa nyuma ya dashibodi, ikaunyang'anya joto upepo unaopita juu yake, na kwa kuwa mabomba yamekuwa baridi, mvuke wa hewa hugeuka matone juu yake mithili ya bilauri ya maji ya barafu, matone yakashuka kwa mpira mwembamba hadi chini. Yale maji yanayodondoka chini ya gari, ambayo yamewatia hofu wengi hata wakakimbilia kwa fundi, ni unyevu uliokamuliwa katika pumzi za abiria na joto la mwambao.

Masika moja tulitoka Tanga kwenda Dar es Salaam, watu watano garini, mwana wa ndugu yangu akiendesha. Kabla ya Segera mvua ikashuka, vioo vikafungwa, naye kwa kubana petroli alikuwa ameizima eisi na kuuacha ule mshale wa mkia wa paka. Kitambo kidogo kioo cha mbele kikafunga ukungu wote, akawa anakifuta kwa kitambaa huku akilalama, "Ami, waipa zinafanya kazi, lakini sioni njia!" Waipa zilikuwa nje, na ukungu ulikuwa ndani, nao ulikuwa ni pumzi zetu wenyewe zikituzunguka. Nikamwambia abonyeze mshale uingiao, aiwashe eisi na kuielekeza hewa kiooni. Tukaiona njia inafunguka kuanzia chini, upana wa kiganja, kisha wa kawa, kisha kioo kizima.

Hapo ndipo lilipo kosa la lugha linalonikera. Vijitabu vya magari, vikifasiriwa, huuita mshale uingiao "hewa safi". Hasha! Tundu la kuingizia hewa liko chini ya kioo cha mbele, pale yanapokwama majani ya miembe, nalo huvuta chochote kilichoko barabarani, na mwenye kufuata lori lenye moshi akipanda mlima ataivuta "safi" hiyo hadi akohoe. Kisemwacho hapo ni upya, kwa hiyo tuseme hewa mpya, au kwa uwazi zaidi hewa ya nje. Na ile izungukayo niiite hewa ya marejeo, ambayo hupoza upesi kwa kuwa imekwisha poa mara moja, lakini ikidumu huwachosha abiria na kuwasinziza. Ama mtambo mzima, wako waliouita "udhibiti wa tabianchi", jina liwezalo kuwa la wizara. Gari halina nchi. Mimi naona "urekebishaji hewa" unatosha, na kiyoyozi kibaki kwa ile sehemu ipozayo.

Mwana wa ndugu yangu hakuyajali majina yangu. Tulipofika Chalinze, lori lililosheheni likajitia mbele yetu likitema moshi mweusi, naye akanyoosha kidole kwenye kile kitufe, akauliza, "Ami, turudi kwenye hewa yetu?"